Damu ya Abneri Mlangoni pa Hebroni

Somo: 2 Samweli 3:22–39



Somo hili halisomwi mara nyingi katika ibada zetu, kwa maana ni habari ya kuuawa kwa mtu mkubwa, na masikio yetu hupenda kusikia mambo ya faraja. Lakini Roho wa Mungu hakuiandikisha habari hii bure. Imeandikwa kwa ajili ya watu wanaokaa katika nchi ambamo damu humwagwa kwa sababu ya utawala, nasi tu watu wa nchi ya namna hiyo. Basi na tuisikilize.

Baada ya kufa kwake Sauli, Isiraeli ilikuwa na nyumba mbili za kifalme. Daudi alitawala Hebroni juu ya Yuda, na Ishboshethi mwana wa Sauli alitawala kabila zilizosalia. Nguvu za Ishboshethi zilikuwa mkononi mwa jemadari wake, Abneri. Vita vikawa virefu. Siku moja katika vita hivyo Asaheli, nduguye Yoabu, alimfuatia Abneri mbio. Abneri akamwonya mara mbili arudi nyuma, naye akakataa, ndipo Abneri akamchoma mkuki akafa. Yoabu hakulisahau jambo hilo.

Kisha Abneri akabadili nia yake, akaja Hebroni kwa Daudi na watu 20 kufanya mapatano. Daudi akawaandalia karamu, akamwacha aende zake kwa amani. Yoabu aliporudi kutoka vitani na kusikia, akatuma wajumbe kwa siri, wakamrudisha Abneri kutoka kisima cha Sira. Akampokea langoni, akamvuta kando kana kwamba ana neno la faragha, akamchoma tumboni akafa.

Angalieni mahali palipotendeka neno hili. Kitabu cha Yoshua, sura ya 20, chatuambia ya kuwa Hebroni ulikuwa mmoja wa miji ya makimbilio, ambamo mtu aliyemwua mwenziwe pasipo kukusudia aliweza kukimbilia, asiuawe na mlipiza kisasi kabla ya kusimama mbele ya mkutano na kuhukumiwa. Na lango la mji ndipo walipoketi wazee kukata mashauri. Basi Yoabu aliua mlangoni pa hukumu, katika mji wa makimbilio, mtu aliyekwisha kupewa amani na mfalme. Hapo hukumu ilikuwa karibu sana, mkono wake ukaipita.

Ndugu zangu wa Shinyanga na Geita, neno hili si la nchi ya mbali. Katika mwaka wa 2015, Oktoba 25, tulipiga kura nchini mwetu. Siku chache baadaye, Novemba 14, Alphonce Mawazo, mwenyekiti wa chama cha CHADEMA katika mkoa wa Geita, aliyekuwa amegombea ubunge katika jimbo la Busanda, alishambuliwa na watu wenye silaha za makali, akafa. Hakuuawa vitani. Uchaguzi ulikuwa umekwisha, kura zimekwisha kuhesabiwa, na Rais mpya amekwisha kuapishwa. Aliuawa katika siku za amani, kama Abneri.

Kisha likaja jambo la pili. Jamaa zake na wenziwe walitaka watu wapate kumwaga hadharani mjini Mwanza. Polisi wakakataza, wakitaja ugonjwa wa kipindupindu uliokuwapo siku zile. Mwili ukangoja. Watu walikuwa na uchungu mwingi, na mji mzima wauliza: Watafanya nini? Jamaa zake hawakushika mapanga. Walikwenda katika Mahakama Kuu ya Mwanza, wakaleta shauri lao mbele ya jaji, na Novemba 26 mahakama ikawapa haki. Watu wakaja kwa wingi wakamwaga, kisha mwili ukavushwa Ghuba kupelekwa Geita, na mwisho wa mwezi akazikwa kijijini Chikobe.

Sitaki kusema habari za siasa za chama hiki wala kile, kwa maana madhabahu si jukwaa. Nataka tutazame mambo manne ambayo somo letu latufundisha juu ya damu ya namna hii.

Jambo la kwanza: Mtu aliyeuawa huliliwa na wote.

Abneri alikuwa adui wa Daudi kwa miaka. Alimfuata nyikani pamoja na Sauli, tena akaweka mfalme mwingine juu ya Isiraeli. Watu wenye hekima ya dunia wangalisema: Mfalme amepata faida, jemadari wa upande wa pili amekufa. Daudi hakusema hivyo. Aliwaagiza watu wote, hata Yoabu mwenyewe, wararue nguo zao na kuvaa magunia. Mfalme akafuata jeneza kwa miguu yake, akapaza sauti yake akalia kaburini. Watu walipomletea chakula, akaapa ya kwamba hatakionja mpaka jua litue. Nasi twaambiwa ya kuwa watu wote waliyaangalia hayo, yakawapendeza, wakajua siku ile ya kwamba mauaji yale hayakutoka kwa mfalme.

Basi na tujipime. Kwetu msiba ni wa kijiji. Mtu akifa, jirani huacha jembe lake, mama huchukua kuni na unga, vijana huchimba kaburi. Hii ni desturi njema, na baba zetu walikuwa nayo hata kabla ya Injili kufika. Lakini siku hizi twaona neno jipya na baya. Mtu husita mlangoni pa msiba, akijiuliza, Nikionekana hapa watasema mimi ni wa chama gani? Mwingine husikia habari ya mauaji na kusema kwa sauti ndogo, Naye alizidi maneno. Wewe usemaye hivyo, jua ya kuwa umesimama karibu na Yoabu, wala huko karibu na Daudi. Mtu akizidi maneno, ajibiwe kwa maneno.

Katika mashimo ya dhahabu ya Nyarugusu na Mgusu, mtu ateremkaye chini hushikiwa kamba na wenziwe walio juu. Hakuna awaye yote ashikaye kamba akaulizia kwanza kadi ya chama ya yule aliye chini. Anajua ya kuwa aliye chini ni mtu, ana mama, ana watoto. Je, tukitoka shimoni na kuja kwenye mwanga wa jua, tutajua kidogo kuliko tulivyojua gizani?

Jambo la pili: Upanga haukupewa Yoabu.

Yoabu alikuwa na sababu, kwa maana nduguye alikuwa amekufa. Kila mlipiza kisasi anayo sababu, na ndiyo maana kisasi hakina mwisho. Mtume Paulo awafundisha Warumi, sura ya 12, wasijilipizie kisasi, bali waiachie nafasi ghadhabu ya Mungu; na mara hiyo, katika sura ya 13, asema habari za mwenye mamlaka ambaye Mungu amempa upanga ili kumwadhibu atendaye mabaya. Maneno haya mawili yamekaa jirani kwa kusudi. Mungu amekutoa upanga mkononi mwako wewe na mimi, akauweka mahali pamoja, chini ya sheria. Vijana wa chama hawakupewa, wala aliyekodiwa hakupewa. Hata mtumishi wa serikali hana ruhusa ya kuutumia gizani, pasipo hukumu, kwa maana mamlaka ilitoka kwa Mungu ili iwalinde watu, nayo itatoa hesabu kwake.

Watu wa Shinyanga wanalijua neno hili kuliko wengine. Wazee wetu wanakumbuka jinsi sungusungu walivyoanza katika miaka ya 1980, kwa sababu ng'ombe waliibwa na watu waliuawa, na hukumu ilikuwa mbali. Walitenda mema mengi, wezi wakaogopa. Lakini wapo pia walioadhibiwa pasipo kosa, hasa wanawake wazee waliosingiziwa uchawi kwa sababu ya macho mekundu, nayo yalikuwa mekundu kwa moshi wa jikoni. Mkono usio na hukumu huanza kwa mwizi, ukaishia kwa bibi yako.

Tena tazameni jirani zetu. Burundi, Oktoba 21, mwaka wa 1993, askari walimwua Rais Melchior Ndadaye, aliyekuwa amechaguliwa na watu miezi michache tu nyuma. Uchungu wa watu ulikuwa wa haki. Lakini wengi waliuelekeza uchungu ule juu ya jirani zao ambao hawakuwa na kosa, na askari nao wakalipiza. Maelfu kwa maelfu wakafa, na wengine wakavuka mpaka kuja Kigoma na Kagera na watoto mgongoni. Huko Kenya, Tom Mboya alipigwa risasi mjini Nairobi Julai 5, mwaka wa 1969. Huzuni ile ikageuka kuwa hasira isiyo na mlango wa kutokea, na mwezi wa Oktoba mwaka ule ule, Rais Kenyatta alipokwenda Kisumu, mawe yakarushwa, risasi zikajibu, watu wakafa. Hata mbali katika Asia, mjini Bangkok, Mei 13, mwaka wa 2010, watu walipokuwa wakiiandamia serikali yao, jemadari mmoja aliyekuwa upande wao, Khattiya Sawasdipol, alipigwa risasi ya kichwa alipokuwa akisema na mwandishi wa habari. Akafa baada ya siku nne. Haikupita juma moja tangu apigwe, mji ukawa na moto na maiti. Lugha zao ni mbalimbali, lakini njia ni moja: damu ya mtu mmoja, isipopata hukumu, hutafuta damu ya wengi.

Kwa hiyo nasema, jambo lililotendeka Mwanza mwaka wa 2015 lastahili kukumbukwa na kufundishwa watoto. Watu wenye maiti yao mbele yao, wenye haki ya kukasirika, walikwenda mlangoni pa hukumu. Paulo naye, alipoona ya kuwa wanataka kumwua njiani, hakutafuta watu wa kumlinda kwa panga. Alidai haki yake kama raia, akakata rufani kwa Kaisari. Mkristo asidhani ya kuwa upole ni kunyamaza. Kudai haki mbele ya jaji si kisasi, bali ni kuheshimu utaratibu ambao Mungu ameuweka. Na jaji asikilizaye vema huokoa watu wengi asiowajua.

Jambo la tatu: Udhaifu wa Daudi.

Tumemsifu Daudi kwa machozi yake, lakini Maandiko hayamfichi. Mwisho wa sura hii Daudi akiri ya kuwa yu dhaifu ingawa ametiwa mafuta, na ya kuwa wana wa Seruya ni wagumu kwake. Akamwachia Bwana amlipe mwovu, na Yoabu akabaki jemadari. Daudi alimlilia Abneri, asimhukumu mwuaji wake.

Matunda yake ni nini? Fungueni sura ya 20 ya kitabu hiki hiki. Miaka imepita, Yoabu anamkuta jemadari mwingine, Amasa. Anamshika ndevu kana kwamba atambusu, anamchoma tumboni. Mkono ni ule ule, hila ni ile ile, hata mahali pa jeraha ni pale pale. Damu ya Abneri isiyohukumiwa ilizaa damu ya Amasa. Daudi akafa akiliacha deni hilo kwa mwanawe Sulemani, na Yoabu akauawa mzee, akizishika pembe za madhabahu.

Haya yawahusu watawala, nasi huwaombea kila Jumapili. Machozi ya serikali kaburini ni mema, na salamu za rambirambi ni njema, lakini hazitoshi. Septemba, mwaka wa 2024, mzee Ali Kibao wa chama cha CHADEMA aliteremshwa katika basi jijini Dar es Salaam na watu wenye silaha, na kesho yake akaonekana maiti. Rais Samia Suluhu Hassan alilaani tendo lile na kuagiza uchunguzi. Kuagiza ni mwanzo wa kazi. Watu huliamini neno la mtawala wanapoona mwisho wake.

Tena tusiseme ya kuwa jambo hili haliwezekani kwetu. Katika mwaka wa 1976, katika mikoa hii hii ya Shinyanga na Mwanza, watu walikamatwa katika kutafuta wauaji wa wazee, wakateswa mikononi mwa wenye mamlaka, na wengine wakafa. Habari zilipojulikana, Januari, mwaka wa 1977, Waziri wa Mambo ya Ndani, Ali Hassan Mwinyi, aliacha kazi yake. Hakuwapiga watu wale kwa mkono wake mwenyewe, lakini alikubali ya kuwa lililotendeka chini yake lamhusu. Yeye hakuwa wa kanisa letu, alikuwa Mwislamu. Lakini alifanya neno ambalo mfalme Daudi hakulifanya Hebroni. Wala hakupotea kwa kufanya hivyo, kwa maana katika mwaka wa 1985 watu walimfanya Rais. Mtawala hapungui kwa kuichukua hatia iliyo juu ya kiti chake.

Jambo la nne: Amri ya tano imeingia nyumbani mwetu.

Tusiwahukumu wakubwa tu. Katika Katekisimo Ndogo tulifundishwa ya kuwa amri ya tano haisemi habari za panga peke yake. Yataka tusimdhuru jirani katika mwili wake, bali tumsaidie katika kila haja ya mwili. Basi aketiye akaona mwenziwe akishambuliwa, akafunga dirisha, amri hii yamwuliza. Aliyejua mpango na kunyamaza, amri hii yamwuliza. Na amri ya nane yaja nyuma yake, maana kabla ya panga hutangulia ulimi. Mtu huitwa msaliti, huitwa adui wa nchi, huitwa nyoka. Na akisha kuitwa nyoka, yuko atakayedhani ya kuwa kumponda kichwa ni kazi njema.

Nanyi vijana, nasema nanyi hasa, mlio katika machimbo na katika vituo vya pikipiki, Katoro, Buseresere, Kahama na kwingineko. Nchi yetu imeona aibu ya watu wanaoua kwa kukodiwa. Wamewaua wazee wasio na nguvu, wamewaua ndugu zetu wenye ulemavu wa ngozi, kwa sababu mtu mmoja alileta fedha. Atakayetaka kumwua mtu wa siasa atakuja kwenu ninyi, hatamtuma mwanawe. Atakuja na fedha na maneno matamu, naye atakapokwisha kuwatumia hatawajua tena. Yuda alipewa vipande 30 vya fedha, na alipovirudisha, wakuu wakamwambia ya kuwa neno hilo ni lake mwenyewe. Wanaochimba wanajua ya kuwa ardhi hutunza kilichomo ndani yake, na siku moja hukitoa. Damu ya Habili ilimezwa na ardhi, na Bwana akaisikia sauti yake ikilia.

Basi, wapendwa, tumaini letu liko wapi? Haliko katika Daudi, maana alikuwa dhaifu. Liko katika Mwana wa Daudi.

Bwana wetu naye aliuawa kwa shauri la wakubwa. Kayafa alisema yafaa mtu mmoja afe kwa ajili ya watu, akidhani anasema habari za siasa. Pilato alijua haki akaiogopa. Umati ulisimama barabarani, nao ukaombewa wafunguliwe mmoja wa wawili: Yesu au Baraba. Marko, sura ya 15, asema ya kuwa Baraba alikuwa amefungwa pamoja na waliofanya fitina na kuua katika fitina ile. Yaani mwuaji wa ghasia za mjini alifunguliwa, na asiye na hatia akachukua mahali pake. Huyu Baraba ndiye sisi sote. Tungehukumiwa kwa haki, sisi tulioua kwa mkono, na sisi tulioua kwa ulimi, na sisi tuliofunga dirisha. Lakini mwingine alisimama mahali petu.

Damu yake nayo inalia kutoka ardhini, lakini Waraka kwa Waebrania, sura ya 12, watufundisha ya kuwa yanena mema kuliko damu ya Habili. Damu ya Habili hutaka hukumu, nayo yastahili kuipata. Damu ya Yesu huita kwa rehema. Hata mwuaji anaitwa. Ikiwa yuko asomaye maneno haya mwenye damu ya mtu mikononi mwake, mlango wa Kristo haujafungwa kwako. Lakini usije ukadhani ya kuwa msamaha wa Mungu ni kichaka cha kujifichia. Yule mnyang'anyi msalabani alipewa Peponi, naye alikiri kwamba adhabu yake ni ya haki. Njoo kwa Mchungaji wako, na uende kwa hakimu. Njia hizo mbili zinakwenda pamoja.

Nanyi wengine wote, fanyeni haya. Mtu akiuawa, nendeni msibani, hata akiwa wa upande wa pili, tena muwe wa kwanza. Msipeleke uvumi, pelekeni ushahidi mahali pa hukumu. Waombeeni majaji na polisi wasiogope watu. Wenye uchungu msiwaambie wanyamaze, kaeni nao mpaka jua litue, kama Daudi. Na mapanga yenu yakate kuni.

Tuombe. Ee Bwana Mungu, hakimu wa nchi yote, wewe unawajua waliouawa kwetu na mahali walipolazwa. Wafariji wajane na watoto wao. Wape watawala wetu moyo wa kulia na mkono wa kuhukumu kwa haki. Wazuie vijana wetu wasiuze mikono yao. Utusamehe damu tuliyoinyamazia, na utulinde na kisasi, kwa ajili ya damu ya Mwanao, Yesu Kristo Bwana wetu. Amin.